Raleigh ya babu na nyuzi za bomba la pedeli: nani alisema baiskeli za zamani zote zinaingiliana?

#1 Mjukuu_wa_Mkonge
Wakuu salaam. Nimerithi Raleigh ya babu, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huku Muheza. Fremu nyeusi, breki za fito, gia tatu za Sturmey-Archer, nembo ya mbele imeandikwa Nottingham England. Sahani ya meno ina korongo watatu wamekatwa kwenye chuma, mpaka leo inapendeza. Habu ya nyuma imegongwa AW 58 3.

Pedeli zilikuwa zinacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Fundi wa mtaani akaniambia nikanunue seti ya vikombe (vya kushikilia gololi, hukazwa kwa nyuzi za skrubu kila upande wa bomba la pedeli) na ekseli, "baiskeli za zamani zote zinaingiliana, bwana mdogo". Nimenunua. Kikombe cha kushoto kimeingia mzunguko mmoja na nusu kikagoma. Fundi akaenda kuleta bomba la kurefushia spana na nyundo, hapo nikaikokota baiskeli yangu nikaondoka. Kotapini (pini za kubana mkono wa pedeli kwenye ekseli) nilizonunua nazo zinapwaya kwenye tundu la mkono wa pedeli hata kabla ya kugongwa.

Nimeuziwa takataka au huo msemo wa "zinaingiliana" ni uongo?

#2 MtaaWaPili
Ulivyoondoka umeokoa urithi. Picha iko wapi? Korongo bila picha ni porojo.

#3 Fundi_Gololi
Mkuu, hujauziwa takataka, umeuziwa kitu kizuri cha baiskeli nyingine. Niko Shinyanga, huku baiskeli ni miguu ya watu, hili nimelikuta mara nyingi. Vikombe vinavyouzwa madukani ni vya nyuzi 24 kwa inchi, wazee wanaviita "BSA". Raleigh ya Nottingham ilikuwa na nyuzi zake peke yake, 26 kwa inchi. Unene unakaribiana mno, ndiyo maana kinaanza kuingia kwa adabu halafu kinakusaliti. Ukilazimisha unaua nyuzi za bomba, na bomba ndilo fremu.

#4 DukaLaVipuri
Fundi unatisha watu. Mimi nauza vipuri mwaka wa 19 huu. Hizo hizo seti nimeziuza kwa wenye Raleigh na hakuna aliyerudisha. Kikombe kinagoma kwa kutu na rangi iliyoingia kwenye nyuzi. Mafuta ya taa usiku mzima, brashi ya waya, grisi, kinaingia.

#5 MtaaWaPili
Hakuna aliyerudisha kwa sababu risiti yako imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi" 😂

#6 HesiNaNati
Nafundisha ufundi wa vyuma, naomba niweke hesabu. Inchi ni milimita 25.4. Gawanya kwa 24 unapata hatua ya 1.058 kati ya uzi na uzi. Gawanya kwa 26 unapata 0.977. Tofauti ni 0.08 hivi, unene wa karatasi. Uzi wa kwanza hauoni shida. Wa pili unasukuma kidogo. Ukifika wa sita umeachana na mwenzake kwa karibu nusu milimita, yaani nusu ya uzi mzima, kilele kinakaa juu ya kilele. Hapo hata mafuta ya taa ya pipa zima hayasaidii.

Nyongeza kwa #3: kipenyo nacho kina tofauti ndogo. Ya BSA ni inchi 1.37, ya Raleigh ni inchi moja na tatu ya nane, yaani 1.375. Mwenye venia (kipimo cha milimita) iliyochoka hataiona.

Mjukuu, upande wa kulia nao uligoma vilevile?

#7 Mjukuu_wa_Mkonge
Wa kulia sijaugusa, kikombe cha zamani kimekataa kutoka. Fundi alikizungusha mpaka spana ikateleza ikamchubua kidole.

#8 BintiSpoku
Alikizungusha kuelekea wapi? Kwenye baiskeli ya Kiingereza kikombe cha kulia kina nyuzi za kinyume. Kukifungua unazungusha kama unakaza. Nina hakika alikuwa anakikaza kwa nguvu zote za mama yake.

Na kabla ya yote, nani kasema kitoke? Mulika tochi ndani, pitisha kidole kwenye njia ya gololi. Kama hakuna mashimo, kiache humo humo, kisafishe kwa kitambaa na mafuta ya taa. Kinachokufa kwanza ni gololi na ekseli. Gololi ni za robo inchi, 11 kila upande. Zikikaa zile za kwenye kishikio cha bati zinapungua idadi, mimi huwa navua bati natupa, naweka 11 huru na grisi nyingi.

#9 Mjukuu_wa_Mkonge
Dada umepiga ramli. Alikuwa anazungusha kama anafungua chupa ya soda.

#10 Mvita71
Ndugu yangu, hapo kwenye sahani si korongo, ni koikoi. Ndege wa nembo ya Raleigh ni koikoi, shingo imejikunja. Korongo akiruka ananyoosha shingo.

#11 MtaaWaPili
Tumekuja kufungua kikombe tumefika mbugani.

#12 Kinga_ya_Lushi
Jambo wote. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, sasa naishi Lyon. Kwetu baiskeli tunaiita kinga. Nawapa kesi ya huku ili mjue Raleigh si mkaidi peke yake.

Nilinunua Peugeot ya zamani kwenye soko la Jumapili. Bomba lake la pedeli ni la Kifaransa, kipenyo milimita 35, hatua ya milimita 1 kamili, na kikombe cha kulia kina nyuzi za kawaida kama cha kushoto. Angalieni hesabu ya mwalimu wa #6: hatua ya 1.0 iko katikati ya 1.058 na 0.977! Kikombe cha Kiingereza kinaingia kidogo, cha Raleigh kinaingia kidogo zaidi, na vyote vinagoma. Waitaliano nao wana yao, kipenyo milimita 36 lakini nyuzi 24 kwa inchi, vipimo viwili vimeoana kwa lazima. Waswisi ni 35 kwa 1 kama Wafaransa, ila kulia ni kinyume kama Waingereza.

Pedeli pia. Za Kiingereza ni inchi 9/16, nyuzi 20. Za Kifaransa cha zamani ni milimita 14, hatua 1.25. Pedeli ya Kifaransa inaingia kwenye mkono wa Kiingereza bila taabu, inaingia vizuri kupita kiasi, siku ya kwanza unafurahi, siku ya tatu unabaki nayo kwenye kiatu. Ni pungufu kwa theluthi ya milimita tu.

#13 Fundi_Gololi
Mkuu wa Lyon ahsante. Hizo pedeli za kupwaya ndizo zinazofanya watu wasokote uzi wa gunia ndani. Sikujua kuna milimita 14, siku zote nililaumu tundu limechakaa.

#14 Mzee_wa_Busia
Uzi wa gunia, mpira wa tyubu, kopo la soda. Nimeona vyote. Sisi tulibeba watu mpakani, kutoka upande wa Kenya mpaka upande wa Uganda, kile kipande cha katikati ambacho gari halikuvushi bila makaratasi. Unapaza sauti "boda, boda", abiria anapanda nyuma kwenye kiti cha sponji. Hapo ndipo jina lilipotoka, hawa wa pikipiki wamelirithi tu. Kitu kilichokuwa kinaua kazi hakikuwa tairi. Ni kotapini. Mtu wa kilo 90 na gunia lake la omena, unasimama kwenye pedeli kupanda kilima, unasikia "tak", mkono wa kushoto umelegea.

Kwa hiyo Mjukuu, kotapini ya kupwaya usiifunge. Kata kipande cha kopo la soda, viringisha, gonga. Nimekwenda nayo miezi.

#15 BintiSpoku
Shikamoo mzee, lakini hapa nakataa. Kopo la soda ni bati laini, linasagika na tundu linapanuka na kuwa yai. Baada ya hapo hakuna kotapini duniani itakayokaa.

Kotapini zina unene tofauti. Za Raleigh na za Kiingereza kwa jumla ni milimita 9.5, ambayo ni tatu ya nane ya inchi. Kuna za milimita 9, na nyembamba zaidi za 8.5. Mjukuu bila shaka umeuziwa za 9. Pima kwa venia kwenye shina, mbali na upande uliochongwa.

Hata ukipata ya 9.5, mlalo wa upande uliochongwa haufanani kwa watengenezaji wote. Ipake masizi ya mshumaa, iingize, itoe, angalia ilipogusa ekseli, chonga kwa tupa taratibu mpaka iguse uso mzima. Mbili zichongwe sawasawa na ziingie kwa kupishana. Mkono wa kulia ukiwa umelala kuelekea mbele, kama nati yake iko juu, geuza mpaka wa kushoto uwe umelala kuelekea mbele vilevile, nati yake iwe juu pia. Zikiingia vibaya, mikono haitakaa mstari mmoja, utapiga pedeli kama mbuzi mwenye mguu mbovu.

#16 Mzee_wa_Busia
Marahaba binti. Masizi hatukuwa na muda nayo, abiria alikuwa amesimama. Lakini sawa.

#17 Fundi_Gololi
Niongeze la nyundo, maana hapa ndipo vijana wanaharibu. Usigonge kotapini mkono ukiwa unaning'inia. Weka kipande cha bomba la chuma kisimame kutoka sakafuni mpaka chini ya mkono, kichwa cha pini kiingie kwenye tundu la bomba, ndipo ugonge. Bila hivyo kila pigo linapita kwenye gololi na kutoboa vishimo kwenye kikombe. Nati usiitumie kuvuta pini, nyuzi zake ni dhaifu, kazi yake kushikilia tu. Endesha kilometa hamsini hivi, rudi, gonga tena, kaza tena.

#18 Mvita71
Swali langu kwa wataalamu: kwa nini Raleigh wakaamua 26 wakati wenzao wengi wa Uingereza ni 24? Mzee wangu, aliyekuwa na karakana Mji wa Kale, alisema ni biashara tu. Ukinunua Raleigh, kikombe ununue Raleigh, kila kipuri kirudi kwao Nottingham. Kama simu za sasa na chaja zake.

#19 HesiNaNati
Hilo la biashara linasemwa sana. Mimi sina hakika lilikuwa lengo. Nyuzi 26 kwa inchi hazikuwa ngeni kwa baiskeli za Kiingereza. Kipimo cha baiskeli cha Waingereza kilitumia 26 sehemu nyingi: ekseli ya nyuma ya tatu ya nane ni nyuzi 26, ekseli ya mbele ya Raleigh ni 26. Raleigh walifanya hata shingo ya uma iwe 26 badala ya 24. Mimi naona kiwanda kikubwa kilipenda kukatia hatua moja kila mahali. Tepu (vyuma vya kukatia nyuzi) za aina moja, vipimo vya aina moja, mfanyakazi hachanganyi.

#20 DukaLaVipuri
Au walitaka ishike zaidi. Nyuzi za karibukaribu hazilegei upesi.

#21 HesiNaNati
Inawezekana, nyuzi laini hushika vizuri kwenye mtikisiko. Lakini 24 nazo zimeshika baiskeli za dunia nzima. Tofauti ya nyuzi mbili kwa inchi nzima ni sababu dhaifu.

#22 Mvita71
Bado nasimama na mzee wangu. Raleigh waliwanunua BSA upande wa baiskeli mwaka 1957, na mwaka 1960 wakaunganishwa na kundi lenye Phillips na Hercules. Yaani mikononi mwao walikuwa na 24 na 26 nyumba moja. Wangetaka kurahisisha wangebadilisha siku hiyo hiyo. Hawakubadilisha upesi. Hiyo ni biashara.

#23 HesiNaNati
Au ni uvivu wa kubadilisha mashine zinazofanya kazi. Kiwanda hakitupi mashine kwa kumwonea huruma fundi wa Muheza.

#24 MtaaWaPili
Nani aniambie kwa nini pedeli ya kushoto inafunguka kinyume? Nimevunja spana mbili maishani kwa ajili yake.

#25 DukaLaVipuri
Rahisi. Mguu unavyozungusha unaikaza. Kila upande unakazwa na mwendo wake.

#26 BintiSpoku
Si kweli, ni kinyume cha hapo. Simama upande wa kulia: mkono unazunguka kama saa, lakini pedeli inabaki imelala, kwa hiyo ukilinganisha na mkono, pedeli inazunguka kinyume cha saa. Ikikwama gololi, inaifungua ekseli yake, haiikazi.

#27 HesiNaNati
BintiSpoku yuko sawa. Kinachoikaza ni kitu kingine. Chukua penseli, ishike kwenye ngumi bila kuibana sana, kisha kwa mkono wa pili izungushe ncha ya juu kama unakoroga chai kuelekea upande wa saa. Angalia penseli ndani ya ngumi: inajiviringisha kinyume cha saa. Ekseli ya pedeli ndani ya tundu inafanya hivyo hivyo. Uzito wa mguu unashuka chini daima huku mkono unazunguka, hivyo ekseli inabiringika ndani ya tundu kidogokidogo kuelekea kujikaza. Nguvu yake inashinda msuguano wa gololi.

#28 MtaaWaPili
Nimekoroga penseli mbele ya mke wangu. Kaniuliza kama nimekula.

#29 Kinga_ya_Lushi
Mwalimu, sasa nieleze hili. Pedeli ya kulia ina nyuzi za kawaida. Kikombe cha kulia, upande ule ule, kina nyuzi za kinyume. Ni upande mmoja, mwendo mmoja! Na kwenye Peugeot yangu cha kulia ni cha kawaida na kweli kinalegea kila baada ya wiki chache mpaka nikipige nguvu isiyo ya kawaida.

#30 HesiNaNati
Kwenye pedeli kinachoshika nyuzi ni ekseli, iko ndani ya tundu. Kwenye bomba la kati kinachoshika nyuzi ni kikombe, nacho kinasukumwa na gololi kutoka ndani. Aliyebanwa na anayebana wamebadilishana nafasi, na mwelekeo unageuka.

#31 Fundi_Gololi
Mimi siamini hadithi ya kubiringika kwenye kikombe. Kikombe kimekazwa kwa spana ya futi mbili, kinabiringika wapi? Nadhani waliweka kinyume kwa ajili ya siku gololi zikikwama, ekseli isikifungue.

#32 BintiSpoku
Ekseli ikikwama upande wa kulia inakizungusha kikombe kama saa. Nyuzi za kinyume zingefunguka. Umejipinga mwenyewe mkuu.

#33 Fundi_Gololi
Ngoja nikalale, nitarudi.

#34 Mjukuu_wa_Mkonge
Wakuu, kabla hamjafika mwezini, nifanyeje kujua yangu ni 24 au 26? Sina kipimo cha nyuzi.

#35 HesiNaNati
Una habu ya nyuma ya Sturmey-Archer. Ekseli yake ni inchi 13/32, nyuzi 26. Umeshashika kipimo mkononi hujui. Lala nyuzi za kikombe cha zamani juu ya nyuzi za ekseli hiyo, elekeza kwenye mwanga. Zikiingiana kama meno ya zipu bila mwanga kupita, ni 26. Zikikataa, pima nyuzi kumi kwa venia: ukipata karibu 9.8 ni 26, ukipata karibu 10.6 ni 24.

Na 58 3 ni mwaka 1958, mwezi wa tatu. Ila hiyo ni tarehe ya habu, si ya fremu. Habu huhamishwa.

#36 BintiSpoku
Pima na upana wa bomba la pedeli, ukingo hadi ukingo. Za kawaida ni milimita 68, Raleigh zina 71 na hata 76. Ekseli uliyonunua kama ni ya 68, hata vikombe vingeingia ingekuwa fupi, sahani ingesugua fremu.

#37 Mjukuu_wa_Mkonge
Nimerudi. Bomba ni 71. Kikombe cha kushoto cha zamani nimekilaza kwenye ekseli ya Sturmey, kimeingia kama zipu. 26. DukaLaVipuri samahani.

Cha kulia nimekifungua kwa kuzungusha kama nakaza, kimetoka bila matusi. Hapa ndipo nimechoka. Hakiingiani na ekseli ya Sturmey. Nyuzi kumi zinasoma 10.6. Kile kipya cha dukani kimeingia kulia mpaka mwisho, laini kabisa.

#38 DukaLaVipuri
😂😂😂 Mwaka wa 19 huu.

#39 HesiNaNati
Haiwezekani kiwandani. Mulika ndani ya bomba upande huo, niambie nyuzi zinaonekanaje.

#40 Mjukuu_wa_Mkonge
Zinaonekana mbilimbili. Kama mwandiko uliofutwa vibaya ukaandikwa mwingine juu yake.

#41 Fundi_Gololi
Nimeamka. Huyo mtu alipitisha tepu ya 24 juu ya 26. Inawezekana, nyuzi zinabaki na vilele vyembamba lakini zinashika.

#42 Mvita71
Au alilazimisha kikombe cha chuma kigumu mpaka kikajikatia njia. Hiyo tepu ya nyuzi za kinyume angeipata wapi Muheza?

#43 Mjukuu_wa_Mkonge
Nimempigia mama. Anasema babu alikuwa na rafiki kwenye karakana ya kiwanda cha mkonge, mwenye mashine ya kukereza, na walikuwa wanakunywa chai pamoja kila Jumamosi. Lakini shangazi anasema baiskeli iliwahi kuazimwa na mjomba miezi minne, ikarudi na "sauti nyingine".

#44 Mzee_wa_Busia
Ni mjomba. Daima ni mjomba.

#45 BintiSpoku
Usikitoe tena hicho cha kulia. Weka kipya hapo kwa grisi, kushoto rudisha cha babu, tafuta ekseli ya 71 na gololi 22. Na picha bado.

#46 Mjukuu_wa_Mkonge
Kesho. Simu iko asilimia 4, na hao ndege nimewaangalia tena. Shingo imejikunja kweli.